Nilichochukua Babeli na nilichokiacha



Nikiwa mwaka wa kwanza hapa Kampala niliuza kava za simu bwenini, na kila muhula nilikula faida hadi mtaji. Ndipo nikasoma The Richest Man in Babylon, kitabu cha Mmarekani George S. Clason cha mwaka 1926. Kinafundisha kutenga sehemu ya kumi ya pato lako kabla ya matumizi yoyote. Nikaanza: kwanza narudisha fedha ya bidhaa, kisha kila faida ya shilingi 10,000 natenga 1,000. Muhula uliofuata mtaji ulisimama.

Lakini kitabu hicho hicho kinasifu kukopesha kwa riba. Rafiki alipoomba 50,000 akaahidi kurudisha 60,000, nilitamani. Nikakumbuka Suratul Baqara, aya ya 275: biashara imehalalishwa, riba imeharamishwa. Tukafanya mudharaba: mtaji wangu, kazi yake, faida nusu kwa nusu, mtaji ukipotea bila uzembe wake, hasara ni yangu.

Ndugu msomaji, visome vitabu hivi, ila vipepete. Mchele chukua, pumba acha.

Wallahu a'lam.