Saa bila mahali inapoteza watu

Mara hii tunawaletea somo la ordinateri, lakini linaanza na kosa letu wenyewe.

Mnakumbuka mtihani wa majaribio wa tarehe 2 Juni 2025. Sisi wa darasa la mwisho tulipewa kazi ya kutengeneza orodha ya masaa. Kikundi kimoja kiliandika programu yake katika lugha ya Python, kingine katika Go. Wote waliingiza maneno yale yale: 2025-06-02 07:30. Orodha ya Python ikatoka na 7.30, ndiyo saa moja na nusu ya asubuhi. Ile ya Go ikatoka na 9.30. Tukabandika zote mbili, kila moja kwa jengo lake, bila kuzilinganisha. Wenzetu waliosoma ile ya pili walifika na kukuta karatasi zinakusanywa. Walilia, na walikuwa na haki. Tunawaomba msamaha.

Basi, mashini ilidanganya? Hapana. Tuone namna gani.

1. Hesabu ya mashini. Ordinateri nyingi zinahesabu sekunde tangu saa sita ya usiku, 1 Januari 1970, kwa saa ya ulimwengu inayoitwa UTC. Hesabu ile ni moja, ukiwa Kinshasa ao Bukavu. Tofauti inaingia wakati wa kuigeuza kuwa saa ya mahali. Inchi yetu ina saa mbili: Kinshasa inapita UTC kwa saa 1, sisi wa mashariki tunaipita kwa saa 2.

2. Kila lugha na desturi yake. Kuandika 07:30 tu hakusemi ni ya wapi. Go inasema: usiponiambia, ni UTC. Na 7.30 ya UTC, kwetu ni 9.30. Python inaiacha bila mahali; ukitaka sekunde, inaichukua kuwa saa ya ordinateri yenyewe. JavaScript inashangaza zaidi: tarehe peke yake, 2025-06-02, inaisoma kwa UTC, ukiandika 2025-06-02T07:30, inaisoma kwa saa ya mahali! Java, tangu toleo la 8 la mwaka 2014, ina LocalDateTime, ambayo haikubali kugeuka sekunde mpaka utaje mahali. Ile ndiyo tunaisifu: inauliza, haikisii.

3. Dawa. Kwanza, andika saa pamoja na tofauti yake: 2025-06-02T07:30+02:00. Pili, ndani ya programu taja eneo: Africa/Lubumbashi kwa mashariki, Africa/Kinshasa kwa magharibi. Tatu, mbele ya kubandika orodha, watu wawili waisome. Hii ya tatu haihitaji ordinateri, na ndiyo ingetuokoa siku ile.

Maswali ya kujipima:

(a) Barua kutoka Kinshasa inasema mkutano wa radio utaanza saa 10.00 ya kule. Kwetu itakuwa saa ngapi?

(b) Kama ordinateri yetu ingewekwa kwa saa ya Kinshasa, orodha ya Go ingetoka na saa ngapi? Na ile ya Python?

Leteni majibu kwetu mbele ya siku ya posho. Mwenye kukosa asiogope. Sisi tulikosa mbele yenu wote.

Kapita wa shule, kwa niaba ya darasa la mwisho