Video ya kamera ikikatakata, anza hapa

Una duka Bondo mjini, kamera zinarekodi kwenye kompyuta, na siku unapotafuta sura ya mwizi picha inarukaruka. Usikimbilie kununua kamera mpya.

Kwanza nakili kipande unachohitaji kwenye flashi. Nafasi huisha haraka: kamera 16 za megabiti 4 kwa sekunde kila moja hula takriban gigabaiti 690 kwa siku. Diski ikijaa, rekodi mpya hufuta ya zamani.

Kisha linganisha. Picha ya sasa hivi iko sawa lakini ya jana inakwama? Shuku diski. Diski ya kawaida huchoka kuandika usiku na mchana. Weka ile iliyotengenezwa kwa kazi ya kamera. Stima ikipotea ghafla faili huharibika, kwa hiyo UPS (betri ya akiba) ni lazima. Picha ya sasa na ya jana zote zikikwama, angalia prosesa: ikigonga asilimia 90, punguza fremu hadi 15 kwa sekunde. Sura bado utaitambua.

Fungua kasha la kompyuta pia, ukishazima na kuchomoa waya. Vumbi likigandamana kwenye feni, prosesa hupata joto na kujipunguzia kasi yenyewe. Pangusa kwa brashi laini.