Samaki ni Wako, Bei ni ya Nani?

Kama unavua Gazi, Vanga ama Kilifi, hii unaijua. Tajiri alikununulia nyavu, sasa kila samaki lazima apite kwake, tena kwa bei yake.

Wacha tupige hesabu. Tuseme leo mmeleta kilo 20 za changu. Tajiri anatoa shilingi 220 kwa kilo, jumla 4,400. Toa petroli, barafu na chambo, kama 2,000 hivi, mnabaki na 2,400 ya kugawana. Kama mama karanga na hoteli wangelipa 300 kwa kilo, mngebaki na 4,000. Hiyo tofauti ya 1,600 ndiyo riba ya nyavu, ingawa hakuna anayeiita riba.

Lakini usimkimbie tajiri. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, ndiye anayekukopesha unga. Muulize deni limebaki ngapi, uandike. Kisha mpatane umlipe kidogo kila wiki kwa simu (ujumbe ndio risiti yako), na sehemu ya samaki uuze unakotaka.

Hao wateja wengine walipe kwa nambari ya biashara, si kwa laini yako ile inayonunua kredo. Mauzo yatajiandika yenyewe, na siku ukienda kuomba mkopo wa nyavu kwa chama ama benki utakuwa na kitu cha kuonyesha.

Kaskazi ikiingia, bahari ikiwa shwari, toeni fungu la chombo kabla ya kugawana na mliweke kwenye akiba palepale ufuoni. Msingoje jioni.