Figili za Kuoka Badala ya Viazi

Anayepunguza wanga kwa sababu ya kisukari au uzito anaweza kuzoea sahani isiyo na ugali wala wali. Viazi vya kuoka ndivyo vinavyomrudisha nyuma: rangi ya dhahabu, chumvi juu, harufu ya kitunguu saumu pembeni ya kuku. Jikoni kwangu nafasi hiyo imechukuliwa na figili.

Gramu 100 za viazi mviringo vibichi zina wanga wa gramu 17 hivi. Figili za uzito huohuo zina gramu zipatazo 3.4, na karibu nusu ya hizo ni nyuzinyuzi. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji, takriban asilimia 95, wakati viazi vina asilimia 79 hivi. Mpishi ashike hesabu hiyo ya maji, kwa kuwa unyevu ndio unaoharibu figili za kuoka.

Kwa watu wanne, kilo moja inatosha. Zikiiva hunywea sana. Chagua zilizo ngumu na nzito mkononi. Majani yasitupwe, hupikwa kama mboga nyingine za majani. Figili nyekundu zigawanywe mara mbili, nyeupe ndefu zikatwe vipande vya ukubwa wa kidole gumba.

Zichemshe kwenye maji ya chumvi kwa dakika 8 hadi 10. Mwasho wa figili hutokea tunapoikata au kuitafuna, kimeng'enya chake kinapokutana na viambata vyenye salfa. Joto hukizima kimeng'enya hicho, ndiyo maana figili iliyopikwa ina utamu wa mbali na haiwashi. Nyekundu zitapauka na kuwa za waridi, kwani rangi yake iko kwenye ganda na huyeyukia majini.

Chuja, rudisha sufuria motoni, itikise mpaka mvuke ukatike, kisha zikaushe kwa kitambaa safi. Hatua hii isirukwe. Changanya na vijiko viwili vya mafuta ya alizeti, chumvi, pilipili manga na bizari kidogo.

Oveni iwe nyuzi 220 za Selsiasi, na trei iwe imeshapata moto humo ndani. Panga vipande upande uliokatwa ukiwa chini, vikigusa trei vinapaswa kulia "chaa!" Kila kimoja kipate nafasi yake, maana vikirundikana vitapikwa kwa mvuke na havitapata rangi. Baada ya dakika 20 geuza, oka 15 nyingine. Kitunguu saumu kilichopondwa kiingie dakika 5 za mwisho, kwa sababu kikitangulia huungua na kuwa kichungu.

Asiye na oveni atumie kikaango kizito juu ya mkaa wa wastani, bila mfuniko, akigeuza mpaka pande zote zishike rangi.

Ndani figili hubaki laini na yenye majimaji, haiwi ya ungaunga kama kiazi. Kamulia ndimu na uile ingali moto, maana ikipoa hulegea.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze kwanza na daktari wake kabla ya kupunguza wanga. Dozi ileile kwenye mlo wenye wanga mdogo inaweza kuishusha sukari kupita kiasi.