Chumvi, Nondo na Dawa ya Kutu: Somo kwa Anayejenga Karibu na Bahari

Mkaazi, dalili hizi huonekana kwenye majengo mengi ya Pwani: ufa mwembamba unaofuata mstari wa nondo kwenye nguzo, madoa ya rangi ya kahawia, kisha vipande vya zege vinavyobanduka chini ya slebu. Wengi hulaumu saruji. Mara nyingi kilichoanza kuharibika ni chuma kilicho ndani. Kipande cha zege kikianguka kutoka juu chaweza kuua mtu, kwa hivyo jambo hili si la urembo wa nyumba tu.

Jinsi zege inavyolinda chuma

Saruji ikichanganywa na maji hutoa chokaa. Maji yanayobaki katika vitundu vidogo vya zege huwa na alkali kali, pH ya 12.5 hadi 13.5, ilhali maji safi ni 7. Katika alkali hiyo nondo hujivika utando mwembamba sana usioonekana kwa macho. Utando huo ndio unaozuia kutu. Ndiyo maana nondo iliyofunikwa vizuri, mbali na chumvi, hukaa miaka mingi ikiwa salama.

Chumvi inavyovunja ulinzi huo

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Sehemu ya chumvi iitwayo kloridi hutoboa ule utando hata kama alkali ingali kali. Kloridi huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni siku ya kumwaga zege, kupitia mchanga wa ufuoni au maji ya kisima yenye chumvi. Ya pili ni polepole, mwaka baada ya mwaka, kupitia upepo wa bahari na mawimbi.

Kloridi hula chuma kwa vishimo. Kutu inayotokea huchukua nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa, nayo husukuma zege mpaka ipasuke. Ufa ukionekana, nondo huenda tayari imekonda.

Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, inapigwa na upepo huo huo wa chumvi. Lakini kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, bila nondo. Sisi tunaojenga kwa nondo tuna adui ambaye mafundi wa zamani hawakuwa naye ukutani.

Dawa za kuzuia kutu

Kuna dawa zinazotiwa kwenye zege ili kuchelewesha kutu. Nitriti ya kalsiamu imetumika tangu miaka ya 1970. Hiyo husaidia chuma kutengeneza upya utando wake. Kundi jingine ni dawa za kikaboni, hasa zile za jamii ya amini. Chembe zake hujishika juu ya nondo na kutandaza ngozi nyembamba inayoizuia kloridi kufikia chuma. Baadhi huziba pia vitundu vya zege.

Dawa za kikaboni hutumiwa kwa namna mbili. Hutiwa kwenye mchanganyiko wakati wa ujenzi, au hupakwa juu ya zege ya zamani ili zipenye ndani. Njia ya kupaka haina uhakika sana: zege nzito huzizuia kupenya, na pale ambapo kutu imeshika sana hazirudishi chuma kilichopotea.

Watafiti wamejaribu pia majimaji ya majani na maganda ya mimea. Usijaribu mwenyewe kwenye nyumba yako. Mimea mingi ina sukari, na sukari huchelewesha saruji kushika.

Kumbuka: dawa huongeza muda tu. Zege iliyojaa maji na mchanga wa chumvi haiokolewi na dawa yoyote.

Fanya hivi unapojenga

1. Tumia mchanga wa mto au wa machimbo usio na chumvi. Usitumie mchanga wa ufuoni.
2. Changanya kwa maji matamu. Maji yasiyofaa kunywa kwa sababu ya chumvi hayafai kwa zege yenye nondo.
3. Usiongeze maji ili zege iwe laini kumwaga. Maji yakizidi huacha vitundu vingi, navyo ni njia ya chumvi.
4. Hakikisha nondo imefunikwa kwa zege ya kutosha. Karibu na bahari wahandisi hutaka milimita 40 hadi 50 au zaidi. Weka vipande vya saruji chini ya nondo ili isiguse mbao.
5. Mwagilia zege maji matamu kwa siku 7 au zaidi.
6. Baada ya hayo, muulize mhandisi kama jengo lako lahitaji dawa, na kipimo chake. Kipimo kidogo cha nitriti mahali penye chumvi nyingi hakitoshi.

Kwa jengo lililokwisha pasuka, usifunike ufa kwa plasta na rangi. Chini yake kutu huendelea. Ondoa watu chini ya sehemu inayobanduka, kisha mwite mhandisi aliyesajiliwa. Mchanga safi na maji matamu hugharimu pesa, lakini kubomoa slebu na kuimwaga upya hugharimu zaidi.