Askofu Ana Mamlaka Gani Juu ya Watawa na Vyuo Vyao?

Wengi wetu tusio Wakatoliki hudhani kwamba askofu wao akisema neno, kila padre, kila sista na kila shule hutii. Sivyo hasa. Tena jambo hili linatugusa, maana watoto wetu husomeshwa na masista na mabruda, na mzazi mwenye shida lazima ajue abishe mlango gani.

Shirika la watawa lina wakuu wake. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983, kanuni ya 586, zinalinda uhuru wake katika mambo ya ndani. Lakini kanuni ya 678 inawaweka watawa chini ya askofu katika uchungaji wa roho, ibada za hadhara na kazi za utume. Shule na chuo ni utume. Basi mvutano huanzia hapo.

Tazameni Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin wa Shirika la Msalaba Mtakatifu. Mwaka 2009 mkuu wake, Padre John Jenkins wa shirika hilo hilo, alimwalika Rais Obama apewe shahada ya heshima. Askofu John D'Arcy wa jimbo lile alipinga, kwa kuwa Rais aliunga mkono sheria ya kuruhusu utoaji mimba. Akasusia mahafali, nayo yalikuwa ya 25 tangu awe askofu pale. Hata hivyo shahada ilitolewa tarehe 17 Mei. Tangu mwaka 1967 chuo kinaongozwa na bodi yenye walei na watawa, na askofu hapangi nani aheshimiwe.

Je, hana nguvu? Anazo. Mwalimu wa teolojia katika chuo Katoliki anahitaji idhini (kanuni ya 812), na chuo hakijiiti Katoliki bila kibali cha wakuu wa Kanisa (808).

Kwa hiyo, mzazi, uliza kwanza: shule ni ya jimbo au ya shirika? Ikiwa askofu ndiye aliyewakabidhi watawa kazi yake, yeye ndiye mwelekezi (681). Ikiwa ni yao wenyewe, anza kwa mwalimu mkuu, kisha mkuu wa shirika. Askofu akikuta maovu, akamwonya mkuu huyo bila mafanikio, kanuni ya 683 inamruhusu kuchukua hatua mwenyewe.