Somo: Kompyuta Kujiwekea Njia Simu Inapopokelewa



Ziko nyumba ambazo hupata intaneti kwa kupiga simu kwa modemu, ingawa kampuni ya AOL ya Marekani iliifunga huduma hiyo tarehe 30 Septemba 2025. Penye simu inayolipiwa kwa dakika, kila dakika ambayo kompyuta imeunganishwa lakini haijui ipeleke wapi mizigo yake ni fedha zilizokwenda bure. Basi leo twaeleza jinsi kompyuta yenye Linux inavyoweza kujiwekea njia, bila ya mtu kuketi na kuiandikia amri kila mara.

Kwanza tufahamu kuwa kompyuta hiyo ina milango miwili. Mmoja, eth0, waelekea kompyuta nyingine za nyumbani. Wa pili, ppp0, ni wa simu, nao haupo mpaka simu ipokelewe. Hata anwani yake kompyuta hupewa wakati huo huo na upande wa pili, na kesho huenda ikapewa nyingine. Ndiyo sababu njia haiwezi kuandikwa mapema. Yafaa iwekwe na mwenye khabari za simu, nayo ni programu iitwayo pppd. Katika faili la /etc/ppp/options andika neno defaultroute. Simu ikipokelewa, pppd itaweka njia kuu kupitia ppp0; ikikatika, itaiondoa.

Hapa wengi hukwama. Aliyetengeneza eth0 aliipa nayo njia kuu, pengine kwa kuona nafasi tupu akaijaza. pppd ikikuta njia kuu ipo tayari, haiigusi. Basi modemu yalia vizuri, taa zawaka, gharama yapanda, na hapana ukurasa unaofunguka! Dawa ni kuiondoa njia kuu ya eth0. Mlango ule wahitaji kuwajua jirani zake tu, mathalan 192.168.1.0.

Ukiwa na njia ya ziada, iandike katika faili la /etc/ppp/ip-up. pppd huliendesha kila simu inapopokelewa, na hulipa jina la mlango katika nafasi ya kwanza na anwani ya upande wa pili katika nafasi ya tano. Mwenzake, ip-down, huendeshwa simu inapokatika. Yape ruhusa ya kuendeshwa, na kila amri iandike kwa jina lake kamili, /sbin/ip, si ip peke yake. Mafaili haya yakikosea hayamwambii mtu. Hutaona neno kwenye kioo.

Ongeza na idle 300, ili simu ikatwe baada ya dakika 5 pasipo kazi. Liko pia neno demand, ambalo huifanya kompyuta ipige simu yenyewe pindi kitu cha nje kinapotakiwa. Lina raha yake, lakini sisi hatulipendi: programu ndogo ikiuliza jina la kompyuta ya mbali usiku wa manane, simu itapigwa na watu wamelala. Anayelitaka asiliache bila ya idle, na asubuhi asome kumbukumbu za pppd aone zilipigwa simu ngapi.